Azimio la Musoma na kompyuta za Mugumu

Hebu mfikirieni mwalimu wa Tarime au muuguzi wa Mugumu. Umri umefika miaka 35, digrii anayo, kazi anayo, halafu anasema anataka kusoma shahada ya uzamili ya kompyuta. Majibu tunayajua. "Hayo ni mambo ya vijana." Au, "Wewe kompyuta hukuisoma tangu mwanzo, utaiweza wapi?"

Mimi nasema historia haikubaliani na majibu hayo. Na sehemu ya historia yenyewe iko hapa hapa mkoani Mara.

Tuanzie mbali kidogo. Moja ya kozi za kwanza kabisa za kompyuta duniani ilianza Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Oktoba 1953. Ilikuwa stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Walioisoma walitoka kwenye hisabati na masomo mengine, maana digrii ya kwanza ya kompyuta ilikuwa haipo. Yaani fani hii ilianzishwa na wahamiaji! Marekani nako, University of Pennsylvania ilianzisha mwaka 2001 shahada ya uzamili kwa watu ambao hawakusoma kompyuta kabla.

Turudi nyumbani. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mambo yakaenda mrama, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Mwaka huohuo, Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka kwa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilikuwa na jambo jingine: anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza afanye kazi, na mwajiri wake atoe maoni juu yake. Sharti lile lilikuwa na matatizo yake na baadaye likaondolewa. Lakini tazameni ajabu hii: mwaka uleule tuliosema chuo kikuu ni cha watu waliokwishafanya kazi, mlango wa kompyuta tuliufunga.

Ulifunguka polepole. Sheria ya Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na mtumishi wa wilayani akaweza kusoma bila kuacha kazi.

Halafu, katikati ya miaka ya 2000, COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Sweden walianza kujenga mtandao wa intaneti katika wilaya za Bunda na Serengeti, wakilenga ofisi za halmashauri, shule na hospitali. Mmoja wa wataalamu wake alikuwa Amos Nungu wa DIT. Kazi ile ya Mara ndiyo ilimpatia shahada ya uzamivu KTH mwaka 2011, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Swali lake kubwa lilikuwa hili: fedha za wafadhili zikiisha, mtandao wa kijijini utajiendeshaje? Swali kama hilo hulipati kirahisi darasani. Linamjia mtu aliyeona umeme ukikatika na ofisi ikishindwa kulipa bili.

Na watu wa namna hiyo tunao. Tarime ina chuo cha ualimu. Serengeti ina askari wa hifadhi, wahasibu na wauguzi wanaojua hasa kumbukumbu zinapotea wapi. Lakini programu nyingi za uzamili wa kompyuta hapa nchini bado zinamtaka mwenye digrii ya kompyuta au fani ya karibu nayo. Mwalimu wa historia anaishia getini.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu viweke mwaka mmoja wa kuwavusha watu hawa, wasome wakiwa kazini. Cambridge waliweza mwaka 1953, na kompyuta yao ilijaza chumba kizima. Sisi tunashindwa nini?