Ukumbi wa Afrika na Viti Vyake

Fundi wa Lamu anayekarabati nyumba ya mawe hapati tabu ya kujua pa kuanzia: chokaa na boriti za mikoko anazifahamu tangu alipokuwa mwanagenzi. Jengo la saruji na kioo la miaka ya 1960 ndilo humtoa mtu jasho. Vigae, swichi na taa zake zilitoka kiwandani, na kiwanda chenyewe huenda kilishafungwa zamani.

Ukumbi wa Afrika wa Addis Ababa ni wa kundi hilo. Haile Selassie alimpa kazi msanifu Mwitaliano, Arturo Mezzedimi, aliyeikamilisha kwa miezi 18 hivi, na Februari 1961 ukafunguliwa uwe makao ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi kumi kupata uhuru. Tarehe 25 Mei 1963 nchi 32 zilitia saini humo mkataba ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Nkrumah, Nyerere na Obote walikuwamo, ilhali Kenya na Zanzibar zilikuwa bado chini ya Mwingereza. Kwenye mkutano huohuo ndipo ilipozaliwa Kamati ya Ukombozi, iliyoweka makao yake Dar es Salaam.

Miaka ikapita, jengo likachoka. Umoja wa Mataifa ulitenga takriban dola milioni 57, na usanifu wa ukarabati ukapewa kampuni ya Australia, Conrad Gargett. Sehemu kubwa ya kazi haionekani kwa macho: kuondoa asbesto, kuimarisha jengo dhidi ya tetemeko la ardhi (Addis iko ukingoni mwa Bonde la Ufa), kufumua mifumo ya umeme, hewa na ukalimani. Yote hayo yalipaswa kufichwa nyuma ya sura ileile ya 1961.

Kioo cha rangi cha msanii Afewerk Tekle kilichomo ukumbini, chenye paneli tatu na eneo la mita za mraba 150, kila mtu angekitetea. Kiti hakina mtetezi. Ndiyo maana uamuzi ninaouheshimu zaidi ni ule wa kuzitengeneza upya samani za Mezzedimi badala ya kuzitupa. Alikuwa amebuni jengo pamoja na vilivyomo. Ukiondoa meza na viti unabaki na ganda. Katika ofisi zetu nyingi za umma za enzi hiyo mambo huenda kinyume: dari ya jipsamu hupigwa juu, vyumba hukatwa kwa alumini, na mvule wa zamani huishia mnadani.

Ukumbi ulifunguliwa tena Oktoba 2024. Nawe msomaji, kama ndiwe mwenye ufunguo wa stoo ya ofisi ya serikali, vipige picha viti vilivyomo na uviandikie namba kabla dalali hajafika.