Nipemji, si Utalii Dhahania

Niliombwa nitoe maoni juu ya rasimu ya istilahi za shule, na humo nikakumbana na hili: "jaribio la maarifa madogo ya utalii dhahania". Maneno saba! Kilichokusudiwa ni ule mchezo wa simu ambao vijana wa steji ya Homa Bay huucheza wakingoja matatu ya Rongo ijae. Unaonyeshwa mahali fulani duniani, au unaulizwa swali juu yake, ukisie ni wapi. Ukikosa, simu inakutajia. Unaojulikana zaidi ni GeoGuessr, uliobuniwa na Anton Wallén wa Uswidi mwaka 2013. Msomaji anaujua, sina haja ya kuueleza zaidi. Kinachonikera ni jina.

Nianze na "dhahania". Mtoto yeyote aliyepita darasa la sarufi anazijua nomino dhahania: upendo, wivu, uchovu, mambo yasiyoshikika. Sasa chukua swali linalofaa kabisa mchezo kama huu: ni maboma gani ya mawe ya Kenya yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018? Jibu ni Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Kuta zile zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Mawe yamepangwa juu ya mawe bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha, na kuna mahali kuta zinapita urefu wa mita 4. Anayeziita dhahania aende akajigonge goti.

Kambi nyingine, iliyolewa barua pepe, inatuletea "utalii pepe". Katika barua neno hilo lilikaa vyema, kwa kuwa lilituletea harufu ya upepo na mwendo wa kasi. Lakini mpunga ukipetwa, mapepe ndiyo makapi yanayopeperushwa, punje zisizo na kiini. Mtu wa mapepe naye hatulii. Utalii wa makapi, basi? Sishangai, kwa maana wapo miongoni mwao waliotaka intaneti iitwe mdahalishi.

Na hayo "maarifa madogo" ni tusi la asiyejua asili ya neno trivia. Wazungu walilitoa katika Kilatini, trivium, mahali njia tatu zinapokutana, yaani njia panda. Baadaye vyuo vya Ulaya vikaliita hivyo fungu la masomo matatu: sarufi, mantiki na balagha. Hakuna udogo katika sarufi, ijapokuwa orodha niliyoletewa inaweza kumfanya mtu adhani hivyo.

Jina ninalolitetea ni nipemji. Halikutungwa mezani. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Waliokaa wanakisia, wanashindwa, na mtegaji anadai haki yake: nipeni mji. Wanampa Mombasa. Naye anaondoka bila kuinuka mkekani: nilikwenda Mombasa, watu wa Mombasa wakanipokea, nikala, nikanywa, ndipo anawafungulia kwamba ni yai. Swali, kukisia, kushindwa, safari ya mdomo hadi mji wa mbali, jibu. Kuna kipi katika simu ambacho bibi zetu hawakuwa nacho, ukiacha chaji?

Mshindani wangu mmoja, msomi asiyekosa kikao chochote chenye chai, alinipinga kwamba kitendawilini anayesafiri ni mtegaji, ilhali simuni anasafiri mchezaji. Hoja hiyo ina sura ya busara. Lakini tazama vizuri. Yule kijana wa steji hajatoka Homa Bay; aliyekwenda ni gari la picha, lililozunguka barabara za watu likarudi na jibu. Juzi simu ilimwonyesha mmoja wao njia ya udongo mwekundu, vichaka pembeni, wala hapakuwa na bango. Akabonyeza Kenya papo hapo. "Mwalimu, si unaona hiyo bomba?" Pembeni ya picha palijitokeza bomba jeusi la kuvutia hewa, la gari lenyewe lililopiga picha za barabara zetu. Wachezaji wa mabara mengine huitambua nchi hii kwa bomba hilo hata kabla ya kutazama miti. Msafiri ndiye mtegaji, kama mkekani.

Pingamizi la pili lilikuwa kwamba nipemji ni sentensi, si nomino. Je, zimamoto? Chapakazi? Chemshabongo, ambalo hao hao wanalitumia kutwa? Na kama kinachowasumbua ni kile kiambishi cha mtendwa, Watanzania wana gazeti liitwalo Nipashe, na siasa zetu haziendi siku moja bila nipe nikupe. Mji nao ni neno pana: ni makazi, na ni mji wa mimba, anamotokea kila msafiri. Hilo la mwisho nililiandika pembeni mwa rasimu kwa wino mwekundu. Sijajibiwa.

Matumizi ni mepesi: "tumecheza nipemji hadi Ureno", "nipemji hii ina miji ya Afrika michache mno". Ngeli ni I-ZI, huandikwa neno moja, bila kistari. Watakaotia kistari nawajua.