Samora Machel: jemadari aliyepevukia Tanzania

Oktoba 19, 2026 inatimia miaka 40 tangu ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji ianguke Mbuzini, Afrika Kusini, ikitoka Zambia. Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake, Iringa ina uwanja wa mpira. Hata hivyo, kila kumbukumbu inapofika gumzo huwa ni ndege tu, na miaka ya Tanzania iliyompa uongozi haitajwi.

Alizaliwa mwaka 1933 Chilembene, mkoani Gaza, katika familia ya wakulima. Akawa muuguzi mjini Lourenço Marques, ambako mweusi alilipwa pungufu ya mzungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 alitorokea Dar es Salaam, akapelekwa Algeria kwa mafunzo, kisha akapewa kambi ya Kongwa. Vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilianza Septemba 25, 1964. Kamanda Filipe Magaia alipouawa mwaka 1966, Samora ndiye aliyeshika jeshi.

Hapo ndipo FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, ilipoingia kwenye ugomvi wake mkubwa.

Katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, watu walihitaji chumvi na nguo, na biashara ya kuvusha mazao Mto Ruvuma kuja Tanzania ilikuwa mikononi mwa wenyeviti wa chama wakiongozwa na Lázaro Nkavandame. Samora na wenzake walimshutumu kwa kuwanyonya wakulima kama alivyowanyonya Mreno. Nkavandame naye hakukubali makamanda vijana, wengine kutoka kusini, wawaamrishe Wamakonde kwenye ardhi yao. Swali lilikuwa zito: Mreno akishaondoka, nani atakalia kiti chake?

Damu ikamwagika. Mei 1968 ofisi ya FRELIMO jijini Dar es Salaam ilivamiwa, mwanachama wake Mateus Muthemba akapoteza maisha. Desemba akauawa kamanda Paulo Kankhomba. Februari 3, 1969, bomu lililofichwa ndani ya kitabu lilimuua Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, na mwaka huohuo Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. Uria Simango, makamu wa rais, alitarajia kurithi. Badala yake akawekwa pamoja na Samora na Marcelino dos Santos katika uongozi wa watu watatu. Novemba akatoa waraka mkali dhidi ya wenzake, akafukuzwa. Mei 1970 Samora akawa rais wa chama.

Ushindi huo una doa ambalo anayempenda Samora hana budi kulitaja. Mwaka 1975, kambini Nachingwea, Simango alilazimishwa kusoma maungamo mbele ya umati. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani.

Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Vikafuata vita vya waasi wa RENAMO, Mkataba wa Nkomati wa 1984 na Afrika Kusini, na ajali ya ndege iliyoua watu 34. Tume ya Afrika Kusini ya Jaji Margo iliwalaumu marubani; wachunguzi wa Kisovieti walidai ndege ilipotoshwa na mawimbi bandia ya redio. Hadi leo hawajaafikiana.

Mnara wa kumbukumbu umesimama Mbuzini tangu 1999. Kongwa na Nachingwea zinastahili heshima hiyohiyo, na watoto wetu wanastahili kufundishwa habari za Magaia, Kankhomba na Josina, mke wa Samora na mpiganaji, aliyefariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971. Msumbiji huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Wanawake.