Njia ya Sisimizi

Bila shaka, msomaji, umepata kuona msururu wa sisimizi ukipanda ukutani kuiendea chembe ya sukari. Hapana nyapara awaongozaye, wala mkubwa atoaye amri. Hata hivyo, baada ya muda si mrefu wote huwa wameshika njia moja, na mara nyingi njia hiyo ndiyo iliyo fupi. Nataka kukueleza jinsi jambo hilo dogo lilivyoingia katika mitambo ya kupelekea habari, na jinsi wanadamu walivyolazimika kulitengeneza upya kabla halijawafaa.

Historia yake yaanza kwa mchwa. Mwaka 1959 Pierre-Paul Grassé, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, aliandika habari za mchwa wa Afrika wajengao vichuguu. (Mchwa, ingawa watu wengi huwachanganya na sisimizi, si wa ukoo huo, jamaa zao ni mende.) Grassé alitaka kujua ni nani amwambiaye mchwa mahali pa kuweka donge lake la udongo. Akaona ya kuwa ni kazi yenyewe. Donge lililokwisha kuwekwa humvuta mchwa mwingine aweke la pili juu yake, na la pili huita la tatu, mpaka nguzo ikasimama. Basi akaunda neno jipya kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake alama, na la pili kazi.

Miaka 30 baadaye, katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels nchini Ubelgiji, Jean-Louis Deneubourg na wenzake waliwachukua sisimizi wa aina ya Argentina, wakawawekea daraja lenye matawi mawili kati ya kiota na chakula. Tawi moja lilikuwa refu mara mbili kuliko jingine. Sisimizi hawa huacha nyuma yao harufu iitwayo feromoni, na wafuatao hupendelea njia yenye harufu nyingi. Hapo mwanzo waligawanyika, hawa huku na hawa kule. Lakini walioshika tawi fupi waliwahi kurudi, na kwa hiyo harufu ya tawi hilo ikaanza kuzidi mapema. Ilipozidi ikawavuta wengine, nao wakaiongeza, hata mwishowe karibu wote wakawa wapita hapo. Wala hapakuwa na sisimizi hata mmoja aliyezipima njia hizo mbili.

Taarifa ya mambo hayo ilitolewa mwaka 1989, nayo ina sehemu ambayo wengi wasimuliao habari hii huiruka, ilhali mimi naiona ndiyo yenye mafunzo zaidi. Safari hii tawi refu liliwekwa peke yake kwa dakika 30, ndipo tawi fupi likaongezwa. Sisimizi hawakugeuka. Harufu ya njia ya kale ilikuwa imekolea mno, nayo haipotei upesi. Basi wengi waliendelea kuzunguka, na njia ya mkato i mbele yao.

Ndipo akaja Marco Dorigo, Mwitaliano aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha Politecnico di Milano. Yeye pamoja na Alberto Colorni na Vittorio Maniezzo walitangaza fikira zao mwaka 1991, na mwaka 1992 akazieleza katika tasnifu yake ya udaktari. Walibuni sisimizi wasio na mwili, waishio katika hesabu za kompyuta tu, wakawapa swali la mchuuzi apaswaye kuzuru miji yote mara moja na kurudi kwao kwa njia fupi kabisa. Usilidharau swali hilo. Miji ikiwa 10, njia za kuchagua ni 181,440. Ikiwa 20, njia hizo huzidi milioni 60 mara bilioni 1. Sisimizi wa Dorigo waliacha harufu ya tarakimu, lakini tarakimu hizo zilipunguzwa kila baada ya mzunguko. Sisimizi wa kweli walikuwa wamekwama kwa kutosahau. Hawa wa kompyuta walifundishwa kusahau.

Kutoka hapo haikuwa mbali kufikia simu na kompyuta zilizounganishwa. Mwaka 1998 Gianni Di Caro na Dorigo walieleza kanuni iitwayo AntNet: vifurushi vidogo vya habari huzurura katika mtandao, na kila kituo huandika upande uliovifikisha upesi.

Wakati huo huo kifaa kingine kilikuwa chazaliwa, nacho ni kihisi kisicho na waya. Ni kijisanduku chenye chombo cha kupimia joto au unyevu, redio ndogo, na betri. Huenezwa vingi mahali pamoja, na kila kimoja humpasia jirani yake habari mpaka zikafika kituoni. Mwaka 2002 vihisi 32 viliwekwa katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, Marekani, kuchungulia ndege wa baharini watagao mashimoni. Nchini kwetu, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavika punda milia wa Laikipia mikanda ya shingoni yenye vifaa vya namna hiyo. Punda wawili walipokaribiana, mikanda yao ilibadilishana habari. Kanuni ya sisimizi haikutumika huko, lakini shida yao ilikuwa ile ile ya wote: nguvu ya umeme ni haba, na redio ndiyo iilayo kuliko yote.

Hapa njia fupi yageuka kuwa mtego. Habari zote zikipita kwa vihisi vile vile vya katikati, betri zao hufa kwanza, na vilivyo mbali hubaki vikiita pasipo wa kuitikia. Mwaka 2006 Tiago Camilo na wenzake wa Ureno walitoa kanuni iliyoiangalia hatari hiyo. Sisimizi wao husafiri akichukua hesabu ya betri za vihisi alivyovipitia, wastani wake na iliyo dhaifu kupita zote, na harufu aiachayo hutegemea hesabu hiyo pamoja na urefu wa njia. Na kwa kuwa mzigo mkubwa hula umeme, hakumbuki orodha ya safari yake yote, ila vituo viwili vya mwisho tu. Yaliyobaki huandikwa na vihisi vyenyewe.

Kanuni hiyo ilijaribiwa katika kompyuta, ikaokoa umeme. Hata leo sehemu kubwa ya majaribio ya namna hii hufanyika humo, mahali pasipo mvua, wala tope, wala punda milia ajikunaye shingo kwenye mti.