Kipuri na spea
Nyakanazi, wilayani Biharamulo, wanapopita madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, neno ni “spea”. Kwa mafundi pikipiki wa Ngara ni hilohilo. Magazeti huandika “vipuri”, na umoja wake, kipuri, karibu umesahaulika. Yote ni Kiswahili halali, ila spea limebeba zaidi: tairi la spea ni la akiba, hata kama hakuna kilichoharibika.

Dukani, hata hivyo, hakuna neno linalotosha peke yake. Kwa mfano, mwenye mashine ya kufyonza vumbi ataje kifaa chenyewe: mfuko, chujio, mkanda. Asome na namba ya modeli kwenye kibandiko cha mashine. Chujio likipwaya kidogo tu, vumbi hupenya pembeni hadi kwenye mota. Tafadhali, nenda na kipuri cha zamani mkononi.