Daraja la Eads Juu ya Mto Mississippi

Mji wa St. Louis, katika nchi ya Marekani, uko ukingoni mwa mto Mississippi, upande wa magharibi. Hapo zamani watu na shehena zao walivushwa kwa pantoni; na wakati wa baridi kali, barafu ilipoujaza mto, pantoni zilikwama na biashara ikalala.

Mwaka wa 1867 James Buchanan Eads alianza kujenga daraja. Hakusomea uhandisi shuleni. Mali yake aliipata kwa kuopoa meli zilizozama katika mto huo huo, na mara nyingi alishuka mwenyewe mpaka chini, akaona jinsi mchanga unavyochukuliwa na mkondo. Kwa hiyo alishikilia kwamba nguzo zifike mwambani.

Lakini mwamba ulikuwa mbali. Basi likazamishwa sanduku kubwa la chuma lisilo na kitako, likashindiliwa hewa kwa mashine hata maji yakatoka. Humo wafanyakazi walichimba mchanga, huku nguzo ya mawe ikijengwa juu yao na kulididimiza sanduku. Kadiri walivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kushindiliwa. Katika nguzo ya mashariki walipita futi 90 chini ya maji.

Ndipo balaa ilipoanza. Mtu alitoka kazini mzima, na punde viungo vikamwuma, miguu ikapooza. Watu zaidi ya kumi walikufa. Alphonse Jaminet, tabibu wa Eads, alishuka kuwatazama. Akapandishwa juu kwa dakika chache tu, naye akapooza kwa muda. Baadaye saa za kazi zilipunguzwa. Sababu yenyewe ilielezwa na Mfaransa Paul Bert mwaka wa 1878: naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hufanya mapovu mtu anapotoka kwa haraka penye hewa iliyoshindiliwa. Kinga ilikuwa kupanda polepole, jambo lisilogharimu kitu ila muda.

Kabla ya daraja kufunguliwa tarehe 4 Julai 1874, tembo alipitishwa juu yake, maana watu waliamini kwamba mnyama huyo hakanyagi mahali pabovu. Jaribio la maana zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la injini 14 za garimoshi. Ila umati ulimpenda tembo. Matao yake matatu ni ya chuma cha pua, la katikati lina urefu wa futi 520. Leo magari hupita juu, na treni za abiria za mjini hupita chini yake.