Mdundo, Pigo na Mizani

Mwanafunzi wa shairi akiulizwa mizani ni nini, hujibu bila kusita: idadi ya silabi katika mshororo. Akiingia nalo jibu hilo katika somo la muziki, hupotea. Nimewaona wengi wakipotea hivyo katika madarasa ya Kibaha na Kisarawe.

Istilahi zetu za muziki hazikutoka chimbuko moja. Mdundo ni wetu, kutokana na kitenzi dunda, na sikio husikia shina hilohilo katika mdundiko, ngoma ya Wazaramo. Mizani ni neno la Kiarabu, nalo kwanza ni chombo cha kupimia uzito. Noti, kwaya na besi tumezipata kwa Waingereza. (Vijana wa studio wameongeza biti, sina ugomvi nao, ila biti yao ni mdundo mzima, si pigo moja.)

Kwa Waingereza pia ilitoka solfa. Sarah Glover wa Norwich aliibuni, na John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840. Do yake haina kimo cha kudumu; mwalimu huipandisha au kuishusha kwa kufuata makoo ya waimbaji. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima hufungua kipimo, na kistari hurefusha sauti iliyotangulia. Haidai karatasi ya mistari mitano: ubao na chaki vyatosha, ndiyo maana iliwafaa walimu wa shule za misheni. Mmoja wao, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliandika kwa solfa wimbo alioutunga mwaka 1897, ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa.

Kile kistari ndicho kilichonisaidia darasani. Chukua tarbia ya mizani 16, uiimbishe. Mwimbaji hazigawii silabi zote pigo sawasawa. Akifika kwenye kina cha kati huivuta sauti, apumue, kisha aingie utao. Nilipoandika ukwapi kwa solfa ubaoni, silabi zilibaki 8, lakini mapigo yalizidi. Hapo wanafunzi walianza kubishana, na mimi nikakaa kimya niwasikilize. Shairi walilokuwa wamelihesabu kwa vidole tangu kidato cha kwanza, wengi wao hawakuwa wamewahi kulisikia likiimbwa.